Mume wa Kliniki

Akina mama walimwita Sista Rudi, na si kwa mapenzi. Alikuwa mkunga wa miaka ishirini na sita kazini, mwenye miguu inayovimba kila Ijumaa na mikono inayojua mtoto amekaaje tumboni kabla mama hajamaliza kupanda kitandani. Lakini mikono hiyo haikumpa jina. Jina lilitoka mdomoni mwake, maana kwa miaka mitatu, kila siku ya kliniki, mdomo huo ulikuwa ukisema maneno yaleyale dirishani: "Rudi, mama. Rudi na mwenzako."

Hakuyatunga yeye. Yalikuja na waraka. Wakubwa walikaa mahali penye viyoyozi wakaona kwamba wajawazito wengi wanafika kliniki wakiwa wamechelewa, wengine wanakufa na watoto wao, na kwamba baba wengi wanakula kona mimba ikishaanza kuonekana. Wakayafunga matatizo yote mawili katika karatasi moja. Mjamzito aje kliniki ya kwanza na mumewe, na vivyo hivyo kwa kipimo chochote cha damu cha uzazi. Wapimwe damu wote wawili, wafundishwe pamoja, waandikwe daftarini pamoja, na familia itakuwa imara. Asiye na mume alete barua ya serikali ya mtaa. Ukiusoma waraka ule umekaa kwenye kiti, ni mzuri sana. Ila wenye kuutekeleza walikuwa wamesimama foleni na matumbo yao.

Ofisi ya mtaa ilifunguliwa mara mbili kwa wiki, na mwenye muhuri alikuwa na tabia ya kuuliza "Mimba ya nani?" kwa sauti ya mnadani, benchi zima likisikia. Waume nao wengine walikuwa mbali wakitafuta riziki, wengine wakali, wengine hawana mbele wala nyuma na hawataki kuonekana. Waraka ulifika kwenye kila kituo cha afya, lakini haukufika kwa msimamizi hata mmoja wa kiwanda au wa ujenzi kumwambia ampe mfanyakazi wake ruhusa ya asubuhi moja tu.

Ndipo akazuka Baba Wote.

Baba Wote alikuwa fundi simu, kibanda chake kikipakana na geti la kituo. Mpole, msafi, hana mke. Siku moja mama mmoja aliyerudishwa mara mbili alikaa kibandani kwake akilia, na yeye akafunga boksi lake la bisibisi akasema, "Twende, dada. Mimi ni mumeo mpaka saa nne." Habari zikasambaa. Kwa soda moja na ahsante, Baba Wote alikaa kwenye benchi la wanandoa, akatoa mkono achomwe kidole, akajibu maswali yote vizuri kuliko waume wa kweli. Ukimuuliza, "Mmejipangaje kwa siku ya kujifungua?" anakwambia mpaka rangi ya beseni.

Sista Rudi alimwona na mke wa pili, akafikiri macho yake yamechoka. Alipomwona na wa nne alikohoa, akaandika. Kituo kizima kilijua. Mlinzi alijua, mfagizi alijua, na mkuu wa kituo alijua kuliko wote, ila asilimia ya waume ilikuwa imepanda na yeye alikuwa amepigiwa makofi kwenye mkutano wa wilaya. Nani angeharibu sherehe? Na Sista, kusema kweli, alifurahi kidogo. Alichoka kuwa mbaya wa watu. Baba Wote alimpunguzia kusema rudi.

Basi Jumatatu moja asubuhi aliambiwa anakili daftari la wanandoa upya, maana Alhamisi walikuwa wanakuja wageni kutoka juu kukabidhi cheti cha pongezi kwa asilimia ile ya waume. Akapiga mistari kwa rula, akaanza kunakili safu ya damu. Akafika kwa mume mwenye O hasi. Damu hiyo ni adimu, mwaka mzima unaweza kupita hujaiona. Akageuza ukurasa, O hasi mwingine. Alipofika wa tisa aliweka kalamu chini. Waume tisa wa O hasi katika kituo kidogo kama kile, na wote walikuwa na kidole kimoja cha fundi simu.

Alitaka kucheka, na angecheka, kama macho yake hayangepita kwenye safu ya pili, ya wake. Mmoja kati ya wale tisa naye alikuwa O hasi. Fundi cherehani, umri ishirini na tatu, mimba ya kwanza. Amejifungua Jumamosi saa nane mchana, mtoto wa kike, kilo tatu, wakaruhusiwa Jumapili. Na kwenye sehemu ya sindano mtu wa zamu alikuwa ameandika: *Haihitajiki. Mume ni hasi.*

Akahesabu siku kwa vidole: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

Wauguzi waliiita sindano ya siku tatu. Mama mwenye damu hasi akizaa mtoto mwenye damu chanya, damu zile mbili hugusana. Mtoto huyo hana neno, lakini mwili wa mama huishika ile damu ngeni kama mtu anavyomshika mwizi sura, na mimba nyingine ikiingia, mwili unamvamia mtoto aliye ndani. Sindano huwahi kabla mwili haujashika sura. Ikipita siku ya tatu, au mwili ukiwa umeshashika zamani, uchome usichome ni maji tu. Kama baba naye ni hasi, mtoto hawezi kuwa chanya na hakuna haja ya sindano. Dawa ya kupimia damu ya mtoto ilikuwa imekwisha tangu mwezi uliopita, na sindano zenyewe zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo amri ilikuwa kuangalia damu ya mume daftarini. Daftari ndilo hilo.

Alitoka mpaka getini na kalamu bado mkononi.

"Fundi, yule mkeo fundi cherehani anakaa wapi?"

"Yupi, Sista? Wa gauni la maua?"

"Usinichekeshe. Mumewe ni nani, mumewe hasa?"

Baba Wote akaacha kucheka alipouona uso wake. "Yuko kambi ya ujenzi wa barabara. Siku mbili kwa gari. Aliomba ruhusa akaambiwa akiondoka asirudi. Kuna nini? Damu yangu mbaya?"

"Damu yako nzuri sana," alisema Sista. "Ndiyo shida yenyewe."

Alipomweleza, fundi alikaa chini kwenye boksi lake. Alisema mara tatu kwamba alikuwa anasaidia tu. Sista alijua, na yeye ndiye aliyeshika kalamu mara tisa.

Mkuu wa kituo alimsikiliza akiwa anapima ukuta atakapotundika cheti.

"Sista, kwa nini wiki hii?"

"Sikuchagua wiki, mkuu. Mwisho ni kesho saa nane mchana. Naomba sindano moja."

"Stoo haitoi bila daftari. Na daftari linasema mume ni hasi."

"Daftari linadanganya. Wewe unajua na mimi najua."

"Mimi sijui chochote," alisema mkuu. "Ukimfuta mmoja, Alhamisi wataniuliza na wale wanane. Tena fomu ya marekebisho inataka mume mwenyewe aje, apimwe, aweke saini."

"Mume yuko kambini!"

"Basi rudi naye. Rudi na mumewe, nitasaini hapohapo."

Miaka mitatu Sista alikuwa akiyatoa maneno yale dirishani, na hakuwahi kuyasikia yanavyokuwa yakikuelekea wewe. Sehemu kubwa ya hasira yake ilikuwa ya kujichukia mwenyewe. Alipiga simu kambini kwa namba aliyopewa na Baba Wote. Ikaita, akapokea mtu akasema vijana wako kazini, apige Jumapili. Akapiga hospitali kuu wamwazime dawa ya kupimia mtoto. Wakamwambia aandike barua. Alipigwa danadana mpaka saa kumi na moja jioni, na kila aliyempiga danadana alimwita "dada yangu" kwa upole.

Mume wa Sista mwenyewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Alimkuta uani akisugua grisi mikononi.

"Baba watoto, damu yako si bado ni A chanya?"

"Kwani huwa inabadilika?"

"Kesho asubuhi utakuwa mume wa mtu."

Alifikiri. "Wa nani?"

"Wa fundi cherehani. Ana miaka ishirini na mitatu."

Akaendelea kusugua vidole kimoja kimoja. "Nivae koti?" aliuliza.

Alivaa koti. Jumanne saa tatu asubuhi alikaa kwenye benchi la wanandoa peke yake, magoti yamekaza, akachomwa kidole, akawa chanya mbele ya mashahidi. Kijana wa maabara alimwangalia, akamwangalia Sista, akaandika. Mkuu wa kituo alimjua vizuri sana mzee yule. Alikuwa ameketi meza ya mbele kwenye harusi ya binti yao. Alisaini bila kuinua macho. Damu ya fundi simu ikapigwa mstari, ya fundi baiskeli ikakaa juu yake kwa mwandiko wa Sista mwenyewe, mwandiko uleule wa kuwarudisha watu.

"Hongera, mzee," alisema wa stoo akitoa kichupa kwenye friji.

"Ahsante, mwanangu," alisema mume wa Sista. "Tunashukuru."

Walipotoka nje alimshika mkewe begani, akapanda baiskeli yake na koti lake akaenda kufungua karakana. Saa tano u nusu Sista alikuwa njiani na chupa ya barafu kwapani. Kwa mara ya kwanza tangu jana alijisikia mwepesi. Kadanganya, ndiyo. Lakini saa mbili na nusu zilikuwa zimebaki, dawa alikuwa nayo, na mtoto wa pili wa yule binti, atakapokuja, angekuta njia nyeupe.

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na kuta zilitetemeka kidogo. Cherehani ilifunikwa kanga, juu yake zimepangwa nepi. Mama alikuwa ameketi kitandani akinyonyesha, akataka kuinuka kwa heshima. Sista akamwekea mkono begani abaki.

"Kuna sindano tulikusahaulia, mwanangu. Kosa ni letu. Inalinda watoto watakaokuja."

"Ahsante, Sista. Umekuja mwenyewe na jua hili!"

Sista alivunja shingo ya kichupa, akavuta dawa, na huku akivuta aliuliza maswali ya kawaida, kama anavyouliza siku zote, akili ikiwa kwenye vipimo. Una mzio wa dawa yoyote? Hapana. Umewahi kuongezewa damu? Hapana. Na huyu ndiye wa mimba ya kwanza.

Mama alimhamisha mtoto ziwa la pili, akachukua muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Kadi inasema ya kwanza," alisema Sista.

"Niliogopa kusema. Yule kaka wa simu alikuwa amekaa pale, na nilijua ungeniuliza ile nyingine kwa nini sikuileta kliniki. Ni ya pili. Ya kwanza ilitoka mwaka juzi, hapahapa chumbani. Miezi minne na nusu. Nilivuja damu wiki nzima."

"Kwa nini hukuja?"

"Nilikuja, Sista."

Mashine ya kusaga ilizimika, kuta zikaacha kutetemeka.

"Nilikuja dirishani. Nilikwambia natoka damu kidogokidogo. Nikakwambia mwenzangu yuko kambini. Ukasema nirudi naye." Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Nikaenda mtaani kutafuta barua, ilikuwa siku wamefunga."

Sista aliutafuta uso ule kichwani mwake akaukosa. Walikuwa wengi mno. Mimba ya miezi minne na nusu nayo ina damu yake, nayo humwachia mama sura, na wakati ule hakuna aliyemchoma kitu. Miaka miwili mwili huo ulikuwa umepewa kujifunza. Huenda ulijifunza, huenda haukujifunza. Alimchoma hata hivyo, taratibu, akakandamiza pamba kwa kidole gumba mpaka damu ilipokata, na akaendelea kukandamiza.

"Sasa wa mbele atakuwa salama, eti Sista?"

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amedanganya tangu asubuhi na lingine moja lisingemshinda.

"Sijui," alisema. "Huenda sindano imechelewa. Kuna kipimo cha kuangalia, kiko hospitali kuu. Ukipata nguvu tutakwenda, nitakupeleka mimi mwenyewe. Na ile siku ya dirishani, mwanangu, nilikukosea. Nilikukosea sana."

Mama aliangalia mtoto, akamfuta maziwa kidevuni. Kisha akauliza kama huko hospitali kuu nako ni lazima mtu aende na mume.

"Ndiyo," alisema Sista Rudi. "Waraka ni huohuo nchi nzima."