Kitambaa cha Jukwaa

Fundi Kipimo alipewa jina hilo kwa sababu alimpima mtu kwa jicho tu. Futi ya utepe ilibaki shingoni kama pambo. Mdomo wake nao haukuwa na breki. Siku tope lilipoufukia mji wa jirani, alikuwa wa kwanza kuburura magodoro hadi ukumbi wa shule, huku akiwafokea wenye nyumba kubwa waliokuwa wakichungulia madirishani.

Wiki ya tatu alipeleka mablanketi. Alimkuta binti mdogo amesimama nje ya dirisha la darasa la tatu, ananakili hesabu mkononi kwa kalamu.

"Mbona huingii, mwanangu?"

"Mwalimu mkuu kasema bila sare haingii mtu. Sare yangu imebaki kwenye tope, shangazi."

Watoto kumi na wanane wanalala shuleni, na shuleni hapohapo hawaruhusiwi kusoma! Damu ilimchemka. Akamvaa mwalimu mkuu ofisini.

"Utaratibu ni utaratibu, fundi," mwalimu alisema bila kuinua macho. "Wewe kazana na mapambo. Mgeni rasmi anakuja Jumatatu kuwafariji waathirika."

Mapambo! Kamati ya mapokezi ilikuwa imemletea majora mawili ya kitambaa cha kupamba jukwaa, buluu ileile ya sare. Watu hawana shuka, mbao ndizo zivishwe! Alirudi kwake akiongea peke yake njia nzima, akavuta jora, akashika mkasi. Hakuhitaji kumwita mtoto hata mmoja. Wote alikwisha kuwapima kwa jicho siku ya magodoro.

Jumatatu jukwaa lilisimama uchi, misumari nje. Mwenyekiti wa kamati alimjia mbio, jasho linamtiririka.

"Fundi, umetuaibisha! Kitambaa kiko wapi?"

"Kinakwenda darasani."

Mwalimu mkuu alikuwa ameziba mlango wa darasa la tatu, watoto wale wamejipanga mbele yake na sare mpya za buluu. Aliwakagua toka kola hadi pindo, asione kasoro.

"Sare ndiyo hiyo," fundi alimwambia. "Sasa taja sababu nyingine. Mgeni wako yuko getini, anasikia."

Mwalimu mkuu akasogea kando. Binti akapita wa kwanza, wino bado mkononi. Waliokuwa uani wakapiga makofi.

"Acheni makofi!" fundi aliwakemea. "Wiki tatu mtoto anasimama dirishani kwa ajili ya nguo, na sote tulikuwa tunapita."