Kamba ya Ng'ombe wa Krismasi

Ilianza Jumatatu, siku mbili kabla ya Krismasi, saa kumi jioni. Nilikuwa napaka ukuta wa nyumba chokaa. Mama alikuwa anachambua maharagwe ya kuponda mukimo, na kaka yangu Mwenda, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa anampapasa ng'ombe shingo.

Ng'ombe hakuwa wetu peke yetu. Huku kwetu Meru ya chini, familia zisizoweza kununua nyama ya sikukuu zinachanga, zinanunua fahali mmoja, na boma moja linamtunza hadi asubuhi ya kuchinja. Mwaka huo tulikuwa familia sita, wengi vibarua wa machimbo ya mawe kama Baba. Fahali alilala kwetu kwa sababu Baba aliaminika.

"Karimi, salimia Mheshimiwa," Mwenda akaniambia. "Ana wenyewe sita na bado hajaamua ni wa chama gani."

Nikainamisha uso. Mimi hata watu huwa naona taabu kuwasalimia.

"Anaonea haya mpaka ng'ombe," akacheka. "Wewe kweli utaolewa?"

"Mwache mtoto," Mama akasema. "Mpeleke huyo akanywe maji, na urudi mapema. Unajua hali."

Hali tuliijua. Tangu mvua ianze, wezi wa mifugo walikuwa wakipanda kutoka nyanda za chini na bunduki. Redioni waliita wizi. Sisi tuliokuwa tumekimbilia shuleni usiku na kulala madarasani na blanketi zetu tuliita vita. Mama ni mzaliwa wa Runyenjes, kwenye mashamba ya chai, na dada yake alikuwa amempigia simu twende tukale Krismasi huko. Mama akakataa. Bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo, halafu ungeondokaje ukaacha ng'ombe wa watu?

Mto uko chini tu ya shamba letu. Ukiwa pale ukutani unamwona mtu aliye huko, na akikohoa unamsikia. Mwenda alishuka na fahali, kamba ameizungusha mkononi na kuikaza. Baba alikuwa amemkataza, lakini vijana wote wa huku hushika hivyo ng'ombe akiwa wa kuchangia. Akitoroka, unaulizwa na kila boma.

Wanaume wanne walitoka kwenye matete.

Mmoja akapiga risasi hewani. Nikalala chini.

Fahali akaruka. Mwenda akaanguka, akaburutwa juu ya mawe mpaka mnyama akakwama kwenye kichaka.

"Achilia kamba," mwenye bunduki akasema. Hakupaza sauti.

"Imenifunga mkono. Ngoja kidogo, mzee."

"Nimesema achilia."

Mama alikuwa ameshaanza kukimbia. "Imemfunga! Imemfunga mkono mwanangu!"

Mwenda alikuwa anaivuta kwa meno.

Yule mtu akampiga risasi kifuani.

Kisha akachomoa panga kiunoni, akaikata kamba kwa pigo moja, wakaondoka na fahali.

Jirani yetu Baba Kinoti, mmoja wa wale waliochanga, alifika jua likizama. Alivua kofia, akampa pole Baba, aliyekuwa amerudi kutoka machimboni.

"Na ng'ombe," akauliza, "wameelekea wapi naye?"

Baba akamwonyesha kwa mkono. Sikumchukia Baba Kinoti. Watoto wake walikuwa wamengojea hiyo nyama mwaka mzima.

Sasa niko kidato cha tatu. Watu wakinipa pole husema Mwenda aliuawa kwa sababu alikataa kuachilia ng'ombe. Wengine husema hivyo wakimsifu. Huwa sijibu, lakini hapa naandika: hakukataa. Na panga walikuwa nalo. Wangekata kamba kwanza, wangeenda na ng'ombe yule yule, na Mama angekuwa na mtoto wake. Kwao ilikuwa kazi ileile. Walichagua tu ianze na nini.

Asubuhi baada ya Mwenda kuuawa, niliamka kabla ya wengine. Nilichukua jembe, nikashuka mtoni, nikaifukia damu kwa udongo kwa sababu mbwa walikuwa wameanza kuizunguka. Halafu nikajaza mtungi, nikapanda nao, nikabandika chai. Watu wa matanga walikuwa wameshaanza kufika.