Hodi Kwenye Uwanja wa Nyumbani

Juzi nilikwenda Ras Al Khor, kwenye yadi za vipuri huku kwa Waarabu, kutafuta taa ya gari, nikajikuta mbele ya geti ninalolijua tangu utotoni. Ndani hakuna hata unyasi mmoja. Bampa kuukuu zimepangwa mpaka ukutani, na oili chafu imetuama pale baba alipokuwa akimwagilia majani. Usidhani nilisikitika, rafiki yangu. Nilicheka kwa dharau.

Hapo palikuwa uwanja wa nyumbani wa timu ya kulipwa ya lakrosi, ule mchezo wa kurushiana kampira kwa fimbo zenye wavu. Nyumbani! Bango lilisema hivyo, meneja alisema hivyo, na wachezaji walijipiga vifua wakisema hivyo hivyo. Hao hawakujua hata bomba la maji liko upande gani. Walikuja Ijumaa, wakachimbua majani kwa njumu zao, wakatupa chupa ovyo, wakaondoka. Aliyebaki kuziba mashimo na kuchora upya duara jeupe la golini ni baba. Viza zetu sote, mimi, mama na bibi, zilitegemea kazi yake ile, kwa hiyo nasi tulifundishwa kuitukuza timu.

Bibi, aliyetoka Unguja na adabu zake zote, alilichukua neno lile "nyumbani" kama lilivyo. Ijumaa moja alinishika mkono tukampelekee baba mkate wa kumimina, bado wa moto, nami nikinusa iliki njia nzima. Getini akavua viatu.

"Hodi!"

Wachezaji wakatazamana.

"Hodi, wenyewe!"

Wakaangua kicheko, mmoja akamwigiza sauti. Kwetu, hodi ya tatu isipojibiwa, mtu hugeuka akaenda zake. Bibi akaipiga ya tatu, sauti imeshapungua.

Baba alikuwa kule mwisho, mpira wa maji mkononi. Amri aliijua: jamaa wa wafanyakazi hawakanyagi majani. Nilimwona akimtazama meneja, kisha mama yake.

"Karibu, mama! Pita ndani."

Bibi akapita peku, akainua kanga yake, akalizunguka lile duara jeupe asilichafue. Hakuna mchezaji aliyewahi kuwa na heshima hiyo.

"Nani amemkaribisha huyu?" meneja akauliza.

"Mimi, sir."

"Khalas. Kesho usije."

Mwezi haukwisha, tukafunga mabegi kurudi Unguja; mimi nimekuja tena huku ukubwani, kwa viza yangu mwenyewe. Bibi alijilaumu mpaka anaingia kaburini, na kila mara baba alimjibu, "Ningekuachaje mlangoni, mama?" Timu nayo msimu uliofuata ilihamia uwanja mwingine, na huo pia ikauita nyumbani. Leo jina lake halikumbukwi, na mimi sina haja ya kulikumbusha.

Kabla ya kuondoka juzi nilisimama pale getini nikapiga hodi, kwa ukaidi tu. Mlinzi, Mganda wa makamo, hakuinua hata uso kutoka kwenye chai yake.

"Karibu, dada."

Kumbe neno lenyewe ni jepesi hivyo, na timu nzima ilishindwa nalo.