Kuvalia Nje

Komeo hakuzaliwa Komeo. Jina hilo alilipata uwanjani, enzi akiwa beki wa kulia, kwa sababu winga aliyekuja upande wake ilikuwa kama amekuta mlango umefungwa kwa ndani. Goti lilipokataa kazi na kuanza kulia kama bawaba kavu, klabu ilimpa ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo na beseni la kufulia jezi, akabaki humo. Wenzake waliozeeka walikwenda kuzeekea kwao. Yeye alizeekea kwenye harufu ya jasho, dawa ya kuchua misuli na saruji isiyokauka.

Chumba chenyewe si cha kujivunia. Mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio, bomba la kuogea linalotema maji kwa hasira, na ukutani misumari mikubwa ya kupaulia iliyopangwa mstari, kila mchezaji na msumari wake. Kabati halikuwapo, wala kufuli. Watu walivua saa na pete za ndoa, wakazitia ndani ya kiatu chini ya msumari, wakaenda kucheza. Waliporudi walikuta kila kitu mahali pake. Hata soksi iliyoanguka sakafuni waliikuta sakafuni, maana hapakuwa na mtu wa kugusa cha mwenzake hata kwa wema. Aliyeiona aliita tu, "Wewe, soksi yako imeanguka," mwenyewe akaja kuiokota.

Sheria yao ilikuwa moja, na haikuwahi kuandikwa popote. Ukichukua cha mwenzio bila kumwomba, iwe kipande cha sabuni au kamba ya kiatu, hakuna ngumi wala kushtakiana kwa kocha. Unatoa nguo zako msumarini, unakwenda kuvalia nje, nyuma ya ukuta, kwenye majani. Mazoezi utafanya, mechi utacheza, ila chumbani huingii. Na hakuna wa kukurudisha isipokuwa yule uliyemchukulia kitu chake. Yeye, kwa miguu yake, asimame mlangoni akuite. Nahodha akikuita hujaitwa. Kocha akikuita hujaitwa.

Winga mmoja, Shoti, aliwahi kuogea sabuni ya kipa. Kipa alikuwa mtu wa kinyongo, akamwacha huko nje na umande mpaka watu wakaanza kumwonea huruma. Halafu siku moja, katikati ya kuoga, kipa alitokeza mlangoni na povu kichwani, taulo limemshika kwa bahati tu, akapaza sauti: "Shoti! Ingia bwana, mgongo wangu umekosa wa kuusugua!" Chumba kizima kilivunjika mbavu. Shoti aliingia akicheka na machozi yakimtoka, na habari ya sabuni haikutajwa tena mpaka kipa anaingia kaburini. Adhabu ilikuwa adhabu kweli, lakini ndani yake mlikuwa na njia ya kurudi nyumbani.

Watu wale wamekwisha. Waliokuja baada yao wana miguu mizuri, hilo Komeo hakulikana, lakini chumbani ni kama mbuzi waliofunguliwa shambani. Soksi ni ya mguu ulioifikia kwanza. Mafuta ya mmoja ni ya ukoo mzima. "Kaka, nimevuta manukato yako." "Poa, na mimi nimevaa bukta yako." Taulo la huyu linakauka mgongoni mwa yule, na asiyetaka taulo lake lilowe kwa maji ya mwingine anaitwa bahili.

"Huu ndio undugu, mzee," walimwambia.

"Undugu gani?" aliwajibu. "Hata nguruwe wanalalia tope moja, na sijasikia wakiitana ndugu."

Walicheka sana. Walimpenda Komeo kama watu wanavyoipenda redio ya zamani: inapendeza ikiwapo, ila hakuna anayeisikiliza.

Katika kundi hilo alikuwamo mpwa wake, kitindamimba wa dada yake fundi cherehani. Kijana alikuwa mkimya kiasi kwamba wenzake walimwita Maji ya Mtungi. Dada mtu alimleta mwenyewe, akiwa na utepe wa kupimia bado shingoni, akasema, "Kaka, huyu hana baba, ana mjomba. Kama mpira utamfaa, umfae. Usipomfaa, nirudishie mtu." Komeo alimwonyesha msumari aliokuwa akitundika nguo zake yeye mwenyewe enzi zake, akamfundisha sheria tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na ile ya kuvalia nje. Kijana aliitikia kwa kichwa. Katika kizazi kile kizima, ni yeye peke yake aliyeisikiliza bila kutabasamu.

Na ni yeye aliyeivunja.

Njumu zake zilikuwa zimeachama mbele kama mamba. Alikwisha kuzishona kwa uzi wa mama yake, zikafumuka. Akazifunga kwa kamba, kamba ikakatika. Ilikuwa siku ya mazoezi ambayo kocha alisema angechagua kikosi cha ligi. Chini ya msumari wa mshambuliaji wao, waliyemwita Tajiri kwa sababu mjomba wake yeye alikuwa akimtumia vitu kutoka ng'ambo, palikuwa na jozi ya akiba, mpya, rangi ya limau. Tajiri alikuwa hajafika. Kijana alizitazama, akatazama za kwake, akavaa. Alicheza siku hiyo kama aliyeota mabawa, na jina lake likasomwa kikosini.

Tajiri alikuja kwa kuchelewa, akaziona miguuni mwa mwenzake, akasema tu, "Aisee, kumbe zinakimbia hivyo?" Kisha akaendelea na simu yake. Kwake yeye shauri lilikuwa limekwisha hapo.

Kwa Komeo ndiyo kwanza lilianza. Angeweza kunyamaza, vijana kumi walikuwa wamevaa vya wenzao siku hiyohiyo. Lakini aliona kwamba akinyamazia damu yake, hatakuwa na mdomo wa kumsema mwingine yeyote, na sheria itakufa mikononi mwake. Alisimama katikati ya chumba.

"Mpwa wangu, uliomba?"

"Hapana, mjomba."

"Basi unajua pa kuvalia."

Mmoja akapiga mluzi. "Mzee, acha hizo! Viatu tu!" Mwingine akasema, "Maji ya Mtungi, usimsikilize, kaa." Kijana angekaa, nani angemfanya nini? Lakini alizivua njumu zile, akazifuta matope kwa jezi yake, akazirudisha chini ya msumari wa mwenyewe zikitazama ukutani kama alivyozikuta. Akakusanya nguo zake, akatoka. Kifua cha Komeo kilijaa fahari. Alisema moyoni: angalau mmoja nimemlea.

Alidhani ni jambo la siku chache. Alikuwa amesahau kwamba desturi ile ilihitaji watu wawili, mmoja wa kutoka na mmoja wa kuita, na yeye alikuwa amemfundisha mmoja tu.

Wiki ikapita, ikaja nyingine. Mvua za asubuhi zilianza, na kijana akawa anavalia nyuma ya ukuta akiwa amebana shati chini ya kidevu lisilowe. Komeo alimfuata Tajiri.

"Mwanangu, mwite mwenzio."

"Nani?"

"Mpwa wangu. Yuko nje kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?" Tajiri alishangaa kikweli. "Mzee, mimi sina neno naye. Nilishamwambia hata azichukue kabisa, amekataa."

"Si suala la viatu. Simama hapo mlangoni, mwambie aingie. Basi."

"Si anasikia kutoka huko? Oya, Maji ya Mtungi! Ingia!" alipiga kelele bila kuinuka, macho kwenye simu. Watu wakacheka. Nje hapakuwa na jibu. "Umeona? Mwenyewe hataki."

Haikuwa roho mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Komeo. Mwenye roho mbaya unaweza kumlainisha. Huyu hakuwa na kitu cha kulainishwa. Mtu ambaye kitu chake hakimuumi kinapochukuliwa hawezi kusamehe, kwa sababu hana alichokosewa.

Ikaja siku ya mechi. Zamani nyuma ya ukuta palikuwa majani na mijusi. Sasa watu walipita njia ile kuelekea lango la kuingilia, na kila mtu mkononi ana jicho la pili. Wasichana wawili walimkuta kijana amesimama kwa mguu mmoja, bukta iko magotini, mvua inamnyeshea. Mmoja aliinua simu. Mechi haijafika mapumziko, mji mzima ulikuwa umemwona. Waliandika chini yake, "Timu imeishiwa hata chumba." Wengine waliandika mabaya zaidi, ambayo hayafai kurudiwa.

Dada yake Komeo alionyeshwa na mteja, cherehani ikiwa katikati ya mshono. Alifika uwanjani na sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Mbona—"

"Mwanangu amekosa nini hata avuliwe nguo njiani?"

"Dada, ni desturi tu. Hata Shoti zamani alivalia nje, na—"

"Shoti alionwa na nani?"

Komeo alitazama kule nyuma ya ukuta.

"Nakuuliza, kaka. Shoti alionwa na nani? Si na ninyi kumi na moja tu, mliokuwa mkionana uchi kila siku?" Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayehesabu mishono. "Nilikukabidhi mtu. Umenirudishia kichekesho."

Akaondoka bila hata kuuliza matokeo.

Komeo alirudi chumbani mbio, kadiri goti lilivyomruhusu. Timu ilikuwa imemaliza kucheza, wanaoga, wanaimba. Alimkuta Tajiri anajipaka mafuta ya mtu mwingine. Akafanya ambalo hakuwahi kumfanyia kocha wala mwenyekiti: alipiga magoti kwenye maji yale machafu.

"Mwanangu, nakuomba. Nenda mlangoni umwite. Hatua chache tu."

Tajiri aliona aibu, akamshika mkono kumwinua. "Mzee, inuka bwana, unanitia mkosi. Sikiliza. Nikitoka pale sasa hivi, wale wa simu bado wapo. Watanirekodi na mimi. Watasema ni mimi niliyemtoa."

"Na ndiwe wa kumrudisha."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

Komeo aliutoa mkono wake mkononi mwa Tajiri. Aliinuka, suruali inachuruzika, akaenda mlangoni mwenyewe. Kijana alikuwa anafunga nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, mgongo ameupa watu waliokuwa bado wanamtazama.

"Mpwa wangu," Komeo aliita. "Ingia ndani. Yamekwisha."

Kijana aligeuka. Hakuonekana kukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Siyo wewe wa kuniita, mjomba," alisema. "Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Nimeiondoa. Sheria nimeiondoa mimi. Ingia, unalowa."

"Kama unaweza kuiondoa leo, uliweza na siku ile."

Alitupia mfuko begani, akapita katikati ya watu. Hakurudi tena. Sasa anapakia saruji kwenye malori upande wa pili wa mji, na waliomwona wanasema ana mgongo wa mzee.

Klabu ilileta makabati ya chuma na kufuli zake baada ya hapo, na misumari ikang'olewa. Vijana huzipoteza funguo, wanavunjiana kufuli, wanachekeana. Komeo anafua jezi. Hasemi neno, na hakuna aliyegundua kwamba ameacha kusema.

Siku moja alivaa shati lake safi akaenda kwa dada yake. Alipiga hodi. Cherehani ilisimama.

"Karibu," dada yake alisema kutoka ndani. Alipoona ni nani, alikaza uzi, akauliza kwa sauti ileile anayowapokelea watu wote, "Unashona nini?"

Mkononi Komeo hakuwa na kitambaa. Alisimama pale kizingitini, akajitazama. Mwishowe alisema suruali hii aliyoivaa imemlegea kiuno, labda ipunguzwe.

Dada yake alivuta utepe shingoni, akamzungushia kiunoni, akaandika kipimo kwa chaki pembeni mwa meza.

"Uje Ijumaa," alisema, akarudi kwenye cherehani.