Wali wa Baba, Kariobangi

Juzi nilipita mkahawa mmoja mjini nikaona wameandika ubaoni kwamba wanauza wali wa Kijapani kwa nyama ya Kimeksiko. Kijana wa pale akaniambia ni chakula kipya. Sikumbishia, rafiki yangu. Mimi nilikila mtaani kwetu Kariobangi nikiwa darasa la tano.

Baba alikuwa mpishi kwa mhandisi Mjapani, upande wa pili wa jiji. Mke wa mhandisi alikuwa Mmeksiko, na kila mmoja alililia chakula cha kwao, mpaka baba akaamua kuviweka vyote kwenye sahani moja. Wali wake ulishikamana, umetiwa siki na sukari kidogo ungali moto. Juu yake aliweka nyama iliyokatwa vidogovidogo na kukaangwa kwa bizari na pilipili, maharagwe, kisha ovakado na ndimu. Wiki nzima alilala kazini. Jumapili alikuja kutupikia sisi, uani, kwenye jiko la makaa, kwa nyama ya mbuzi aliyotuletea jirani yetu, mchinjaji wa machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko. Nyanya yetu alikunja uso akisema huo wali umechacha, lakini sahani yake haikurudi na punje.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Agosti mwaka wa themanini na mbili, redio ilipotangaza kwamba serikali imepinduliwa. Tangu alfajiri risasi zililia, tukalala chini ya vitanda. Mama alisema baba hawezi kutoka kazini siku kama hiyo. Baadaye tulijua alitoka. Mhandisi alimsihi abaki, naye akajibu kwamba ana watoto. Kuna mtu aliyemwona karibu na mjini, anatembea kwa miguu, kikapu mkononi. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Mchinjaji alizunguka na mama kila chumba cha maiti walichokisikia. Mama alirudi nguo zikinuka dawa, akaketi mlangoni. Hawakumpata.

Majirani wakaja kukaa nasi, matanga yasiyo na maiti. Siku moja gari la mhandisi likasimama nje. Mkewe akashuka na sufuria na mchele, akaomba kwa Kiswahili cha kubahatisha apewe jiko. Wanawake wakampisha. Alikaanga nyama machozi yakimtiririka, na mumewe amesimama kando, kofia ameishika kwa mikono miwili. Mama akainuka, akamsogelea.

"Memsahib," akasema taratibu, "yeye huweka pilipili zaidi."

Huweka. Hakusema aliweka. Akachukua pilipili, akaziongeza mwenyewe.

Tulikula sote, hata nyanya.

Wageni wale walirudi kwao. Nyanya akafa, mchinjaji akahama, na pale uani pamesimama gorofa, bomba letu la maji liko chini ya saruji. Hata ukinishika mkono siwezi kukuonyesha lilipokuwa jiko. Mama hakuupika tena wali ule, na hakukubali kuitwa mjane. Tulipokuwa tukimwandalia mazishi, mchungaji alituuliza aandike nini kwenye wasifu wake: mke wa marehemu, au mke tu. Tukatazamana, watu wazima wenye mvi.