Mfasiri wa Filamu na Nyambizi Iliyonyamaza

Mfasiri wa filamu wa kijiji chetu cha Misiera amekufa. Amefia hospitalini Mbarara, mchana, jua likiwaka, mimi nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, na tangu siku hiyo silali vizuri. Hakuwa ndugu yangu. Tulijuana kama watu wanavyojuana huku Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda: wewe unauza misumari, yeye anakuja kununua misumari ya kibanda chake cha filamu, mnatukanana kidogo, anaondoka. Mnaonisoma hapa mnanijua. Shule niliiacha darasa la tatu, duka langu nimelisimamisha kwa mikono hii, na maneno ya kupakwa asali sina. Kwa hiyo msingoje nimsifu. Nataka kusema jinsi alivyonitia hofu mara mbili, na mara zote mbili kwa ajili ya chombo ambacho mimi na yeye hatujawahi kukigusa.

Kwa wasioijua kazi yake: filamu zinakuja kwa Kiingereza, kwa Kichina, kwa Kihindi, na sisi watu wa Kivu Kusini, Kongo, tunataka kujua nani anamwambia nani nini. Mfasiri anakaa pembeni ya skrini, mikro ya kupazia sauti mkononi, anasema badala ya wote, mwanamume, mwanamke, hata mbwa. Lugha zenyewe hazijui zote. Anatazama midomo, mengine anajaza. Anawapa watu wa filamu majina yetu na vijiji vyetu, mpaka jambazi wa Kichina anakuwa mtu wa Masha aliyekimbia mke. Kosa moja tu hasamehewi, nalo ni kunyamaza. Akinyamaza kidogo, watu wanapiga mabati ya kuta: "Sema, baba! Unatuficha nini?"

Jumapili moja baada ya ibada alileta filamu yenye picha ya nyambizi. Alidhani ni ya vita, na sisi tulijaa kwa ajili ya vita. Ndani hamkuwa na bunduki hata moja. Walikuwa wanasayansi waliojifungia ndani ya nyambizi ndogo, tufe la chuma lenye kidirisha kinene, wanashuka kuitazama sakafu ya bahari, mahali ambapo jua halijafika tangu dunia iumbwe. Meli ilibaki juu, na watu wa melini walikuwa wanawauliza kila mara: mko wapi, mnaona nini? Wa chini wanajibu. Vijana wakaanza kuzomea. Mfasiri akaokoa jahazi lake haraka: "Huyu wa ndevu ni mufugaji wa ku Endiinzi, hapa jirani. Ngombe yake imepotea. Anasema fasi zote, kila pahali, ametafuta, imebakia huku chini tu." Tukacheka mpaka benchi zikalia.

Kisha maji yakaacha kuwa bluu, yakawa meusi. Chuma kikaanza kuguna, kama mlango unaosukumwa na mtu usiyemwona. Samaki mmoja akaja kidirishani, taa yake mwenyewe inaning'inia mbele ya uso, meno kama sindano, akatutazama kana kwamba sisi ndio tumewekwa kwenye sahani. Kicheko kikafa. Mnielewe vizuri. Wengi mle ndani tulivuka Ziwa Tanganyika tukikimbia, mitumbwi imejaa watu na magodoro. Waliodondoka hatukuwaona tena. Chini kule hatujawahi kutaka kupaona, na sasa tulikuwa tunashushwa, tumebanana gizani chini ya turubai, na mimi mzee mzima nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua.

Hapo ndipo mfasiri alipokosea. Mwanasayansi wa pili alikuwa bado hana jina, akampa jina la kwanza lililomjia mdomoni. Lilikuwa jina la mume wa mama anayeuza mandazi mlangoni. Mume huyo mtumbwi wake ulipinduka ziwani. Maiti haikupatikana, na bila maiti mama alikataa matanga. Kila Jumapili kanisani alikuwa anasimama kuomba tumwombee mumewe kama mtu aliye safarini. Aliposikia lile jina akasimama katikati yetu, beseni mikononi.

"Muulize anaona nini kule," akasema. "Muulize kama atarudia kwetu."

Na saa ileile, kwenye filamu, mawasiliano yakakatika. Watu wa melini wanaita, wanaita, chini kimya. Siku hiyo hakuna aliyepiga mabati. Nilimwona mfasiri, mwanga wa skrini usoni, anaisogeza mikro mdomoni.

"Anasema… yeko muzuri," akasema mwishowe. "Anasema huku hakuna baridi. Anasema, mama, usiningojee tena."

Mama akaweka beseni chini, akatoka. Nyambizi ilipanda salama, naambiwa. Mimi nilikuwa tayari nje natafuta hewa. Baada ya siku chache mama alifanya matanga, tukala, tukaimba, na jina la mumewe likaacha kuombewa. Wazee wa kanisa walichukia, wakasema yule kijana mfasiri ametumia mashine kumfanya maiti aongee. Mimi nilimkabili dukani kwangu.

"Ulisema uongo wa kutisha," nikamwambia. "Yule mtu hakusema kitu."

"Muzee, nilijua," akanijibu. "Lakini niliogopa. Kama ningenyamaza pale, wote tungebakia kule chini."

Sikumwelewa. Nilimuuzia misumari yake akaenda. Miaka ikapita na kibanda kikapungua watu. Leo kila kijana ana simu na nyuzi masikioni, anatazama peke yake. Akiogopa, hakuna wa kumshika mkono. Akilia, jirani yake anacheka kitu kingine. Naona kila mmoja amejifungia ndani ya tufe lake la chuma na meli hana. Mfasiri alibaki na watazamaji wachache, wazee kama mimi.

Kisha kifua kikamwangusha. Nilipofika Mbarara kumwona, alikuwa na mpira wa hewa puani, chupa ya maji pembeni inatoa mapovu, na mkewe alikuwa ametoka kutafuta chai. Akanishika mkono.

"Muzee, uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Kama bale batu ba ku meli, kwa ile filamu. Uniulize niko wapi."

Niliogopa. Lakini nikamuuliza. "Uko wapi?"

"Niko nashuka."

"Unaona nini?"

"Giza mingi. Endelea kuuliza, hapana kuacha."

Nikauliza, akajibu, nikauliza, akajibu kidogo, nikauliza, mapovu tu. Nikapandisha sauti. Muuguzi akaja, Mnyankore mmoja wa hapo Mbarara mwenye Kiswahili cha kubahatisha, akasema, "Mzee, wewe nasumbua mgonjwa," kisha akamtazama mgonjwa, akaniwekea mkono begani. Mke akaingia na chai. "Amesema nini?" Mimi, ambaye Misiera nzima inajua sijui kumpaka mtu mafuta, nilifungua mdomo na hofu ikasema kwa sauti yangu: "Amesema yuko vizuri. Amesema hakuna baridi."

Juzi, baada ya matanga, nilikwenda kumwambia mjane ukweli. Akacheka, machozi yanamtoka. "Muzee, nilijua si yeye. Bwana yangu hangesema maneno machache vile. Lakini ungenyamaza, ningeanguka na ile chai." Akanipa ruhusa ya kuandika haya.

Basi hiki ndicho nilichojifunza, mimi wa darasa la tatu. Wanaoshuka kwenye vilindi na nyambizi zao hawaogopi maji kama tunavyodhani. Wanaogopa saa ambayo juu hakuna anayewaita. Kama kuna mtu wako anayeshuka, kitandani, kwenye huzuni, popote, kaa pale umuulize yuko wapi. Uliza hata akiacha kujibu. Na mimi nawaambia wazi, siku yangu ya kushuka naiogopa sana. Duka ninalo, nyumba ninayo. Aliyekuwa anaijua kazi hiyo ya kutomwacha mtu kimya tumemzika.