Fungate ya Vyumba Viwili

Korona ilipofunga njia za wageni, mama yangu alianza kuanika maharage kwenye vyumba vyao. Nyumba yetu iko kwenye mteremko juu ya mji wa Lushoto. Ina vyumba vinne vya kulala wageni, na tangu baba afariki ndiyo iliyotulisha mimi na mama. Mimi nilikuwa nikiwatembeza wageni milimani, tunapita Rangwi mpaka Mlalo kwa miguu. Mama alikuwa akiwapikia. Wageni walipoacha kuja nikarudi shambani kwenye kabichi na karoti. Mama akaviangalia vile vitanda vitupu, akasema haiwezekani nyumba ikae bure, akatandika magunia juu ya magodoro na kumwaga maharage.

Kwa hiyo siku simu ilipoita na sauti ya mwanamume mwenye lafudhi ya Kenya ikauliza kama tuna nafasi, nilijibu tuna nafasi huku nikimwona mama anageuza maharage kwa mkono.

Alikuwa mwalimu wa hisabati kutoka Voi. Alikuwa anaoa mwishoni mwa juma, naye na mchumba wake, karani wa Mombasa, walitaka mahali penye baridi pa kupumzikia baada ya harusi. Aliniuliza maswali mengi kuhusu masharti ya safari. Kuja kwetu walihitaji cheti cha kupimwa korona ambacho hakijapitwa na siku zake. Kurudi kwao wangehitaji kingine, kilichopatikana Tanzania. Kanuni zenyewe zilikuwa zinabadilika, leo hivi, kesho vile, nami nilimwambia kweli kwamba nitauliza kila siku mpaka wafike.

Walifika mchana, wamevaa barakoa zilizofanana, kitambaa kilichobaki kwenye nguo za harusi. Bibi harusi alipomwona mama alipiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo, mama." Mumewe akanyoosha kiwiko, kama tulivyosalimiana siku zile, akasema, "Habari yako?"

Mama alikitazama kile kiwiko. Bibi harusi akamfinya mumewe.

"Shikamoo," akasema upesi.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. "Karibuni. Mmechoka."

Siku za mwanzo zilikuwa za furaha ambayo nilikuwa nimeisahau. Niliwapeleka msituni, nikawaonyesha vinyonga, tukakaa juu ya jabali tukala mapeasi na kuitazama nyika ya Mombo chini kabisa, imefifia kwa joto. Bibi harusi alicheka kila kitu. Ila mezani alikula polepole, na mama alianza kuumia moyo.

"Chakula changu hakimpendezi," aliniambia jikoni.

Muda wa kurudi ulipokaribia, nilikodi gari tukashuka nao Tanga, kwenye hospitali iliyokuwa ikichukua sampuli za wasafiri. Tulikaa kwenye foleni nje, viti vimetenganishwa. Bwana harusi alitoka kwanza, macho yamejaa machozi kwa kile kijiti cha puani, akijifanya hakuumia. Mkewe alitoka akipiga chafya. Tuliambiwa majibu yatakuja kwa simu, nao wakachagua kurudi mlimani kuyasubiri kuliko kukaa kwenye joto.

Kwetu mtandao ni wa kutafuta; nyumbani simu huita kwa bahati tu. Ukitaka ujumbe uingie kwa hakika lazima upande mpaka kwenye mkaratusi ulio juu ya zizi la jirani. Bwana harusi alipanda huko asubuhi iliyofuata. Nilimwona kwa mbali akisoma, akasoma tena, kisha akashuka taratibu akishikilia miche ya kahawa kama mtu aliyesahau njia.

"Mimi ni hasi," aliniambia. "Yeye ni chanya." Akaitia simu mfukoni. "Nimefundisha hasi na chanya miaka yote. Sijawahi kuogopa chanya."

Mkewe alikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Alipoambiwa, alikiinua kikombe akakinusa, akakinusa tena.

"Sisikii harufu," alisema. "Nilidhani ni mafua ya baridi. Nilidhani mnapika bila viungo na nikaona aibu kuuliza."

Mama alisikia kutoka jikoni. Wallahi, jambo la kwanza lililompita usoni lilikuwa nafuu. Kisha akaelewa, akakaa chini.

Nilimpigia bwana afya wa wilaya. Alikuja na pikipiki, akasimama uani mbali na baraza, akatueleza kwa sauti ya upole. Bibi harusi akae chumbani peke yake, dirisha liwe wazi, vyombo vyake visichanganywe. Bwana harusi ahamie chumba kingine, asitoke nje ya boma letu, kwa sababu naye huenda ameambukizwa na bado haijaonekana. Sisi tuvae barakoa, tunawe, tuweke chakula mlangoni na kuondoka. Mgonjwa akipata shida ya kupumua, tusisubiri. Mama akamuuliza kuhusu kujifukiza kwa majani ya mkaratusi.

"Hakutibu, mama," bwana afya alisema. "Na watu wanaungua na yale maji. Mpe chai, mpe supu, mpe usingizi."

Alipoondoka nilimvuta mama pembeni. Yeye ndiye niliyekuwa namhofia. Umri wake, na kifua chake kilichokaa miaka kwenye moshi wa kuni. Nilimwomba aende Mlalo kwa kaka yangu mpaka mambo yatulie.

"Na huyu mtoto wa watu nani atampikia?"

"Mimi nitampikia."

"Wewe?" alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jioni ile bwana harusi aliweka kiti nje ya dirisha la mkewe, hatua kadhaa kutoka ukutani. Nilikuwa nachuma mboga karibu, sikuweza kutosikia.

"Nenda," mkewe alimwambia. "Cheti chako bado kizuri. Ukichelewa kitaisha, na shule inafunguliwa."

"Kikiisha nitapimwa tena."

"Utapoteza kazi kwa ajili ya mafua yangu?"

"Nimekuoa juzi. Nikirudi peke yangu watu wataniuliza mke yuko wapi. Niwaambie nimemwacha Tanzania kwenye chumba?"

Mkewe alicheka ndani, kikohozi kikamshika. Bwana harusi akasimama, akapiga hatua mbele, akakumbuka, akarudi kukaa.

Kesho yake alipanda kwenye mkaratusi akampigia mkuu wake wa shule. Walikubaliana atume masomo kwa simu. Basi ikawa kila asubuhi tunamsikia huko juu akieleza milinganyo kwa sauti ya darasani, ng'ombe wa jirani wakimjibu. Wanafunzi wake baadaye walimwambia walidhani amefungua shamba.

Majirani lakini walianza kutukwepa. Muuza maziwa aliacha chupa getini na kukimbia. Mwanamke mmoja tuliyezoea kwenda naye sokoni alipita upande wa pili wa njia, amejiziba mdomo kwa kitenge. Sikumlaumu. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumhofia nyumbani, kama mimi. Ila nilijua mama ameumia, maana alikuwa mtu wa watu.

Ilipofika siku ya soko, wanawake wanashuka na mizigo yao kichwani, mama alivaa barakoa yake, akaenda kusimama getini kwetu. Aliwasalimia kwa Kishambaa, mmoja mmoja, akitaja nyumba zao. Wakasimama ng'ambo ya njia.

"Msijifiche," aliwaambia. "Nina mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ndio huo mnaousikia. Sitawaficha. Msiingie. Lakini mjue pia ni bibi harusi. Ameolewa hata mwezi hajamaliza. Sisi bibi harusi tunamweka ndani, hatoki, anatunzwa. Huyu naye yuko ndani. Ni wangu, namtunza."

Walitazamana. Bibi mmoja mzee, Mwislamu wa bonde la chini aliyekuwa akituuzia vitunguu, akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Mombasa."

"Hajui kama mwanawe anaumwa?"

"Anajua. Hawezi kuvuka."

Yule bibi akatikisa kichwa, akashusha kikapu, akachagua vitunguu vizuri, akaviweka juu ya jiwe la getini. Kisha akaendelea na safari.

Kuanzia siku hiyo lile jiwe halikukaa tupu. Mayai yamefungwa kwenye majani ya mgomba. Matunda damu. Kuku mzima, miguu imefungwa kamba, aliyetushtua kwa kelele. Walileta vile vitu ambavyo kwetu hupelekwa kwa bibi harusi aliyewekwa ndani, na wakipita walipaza sauti kutoka njiani kumsalimia. Naye alijibu dirishani kwa Kishambaa alichofundishwa na mama, akikosea, wakacheka. Wengine walirudi kumsalimia mara ya pili ili wasikie tena.

Katikati ya yote hayo kulikuwa na siku mbaya. Ukungu ulikuwa umefunika bonde, na mama alipopeleka uji hakupata jibu la kawaida. Bibi harusi alikuwa amekaa kitandani, mabega yanapanda na kushuka. Nilikimbilia juu kupiga simu. Daktari wa hospitali ya wilaya alikuja mwenyewe na muuguzi, wamevaa makoti ya plastiki, wakambana kidoleni kifaa kidogo cha kupima hewa ya damu. Tulisubiri uani, mimi, mama na bwana harusi, kila mmoja kwenye kona yake kwa sababu ya zile kanuni. Sijawahi kuchukia umbali kama siku ile. Mwanamume yule alikuwa amejikunyata na hakuna aliyeruhusiwa kumshika bega.

Mama akaanza kumsemesha. Alimwambia habari ambayo hata mimi sikuijua: kwamba baba alipomwoa aliondoka wiki ileile kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Korogwe, na yeye akabaki mlimani na mama mkwe, akilia kila akiona gari linapanda.

"Alirudi?" bwana harusi akauliza, kama mtoto.

Mama akamwonyesha mimi kwa kidevu. "Unadhani huyu alitoka wapi?"

Alicheka huku machozi yanamtoka. Daktari akatoka, akasema hewa haijashuka kiasi cha kutisha, kwamba ilikuwa zaidi ni hofu na homa, lakini muuguzi atakuwa anakuja kumwangalia. Alale kifudifudi, anywe maji mengi. Ikishuka, gari la hospitali litakuja. Halikuja. Homa ilivunjika, siku zikaenda, na asubuhi moja tulisikia kelele chumbani.

"Kitunguu saumu!" alikuwa anapiga mayowe. "Mama, unakaanga kitunguu saumu! Nasikia!"

Mama aliacha sufuria motoni akatoka mbio mpaka dirishani. Tulikula mboga zilizoungua siku ile, na bibi harusi aliomba aongezwe.

Bwana afya aliporuhusu, tulishuka tena Tanga, sote wanne safari hii, kwa sababu mama naye alitaka kupimwa. Alikuwa amekohoa siku mbili na kuniambia ni moshi, nami nilikuwa nimepoteza usingizi. Alikaa kwenye kile kiti cha kupimwa amenyooka kama yuko kanisani. Majibu yalipoingia, yote yalikuwa hasi, hata ya mama. Mwalimu wa hisabati aliyasoma kwa sauti kutoka kwenye mkaratusi, akipiga kelele jina la kila mmoja wetu na neno "hasi", mpaka watu wa mteremko wa pili wakapiga vigelegele bila kujua vizuri wanashangilia nini.

Bibi harusi alitoka chumbani, akamkuta mumewe amesimama uani. Hawakukimbiliana. Walisimama karibu, wameshikana vidole tu, kama watu waliotambulishwa dakika ile. Mama akaniambia twende jikoni, tukaenda.

Waliondoka kesho yake wakiwa na mayai ya kuchemsha, mapeasi na kuku yule yule, ambaye hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja na ambaye, tulikuja kuambiwa, alizuiwa mpakani kwa sababu hakuwa na cheti. Wakamwachia mama lishe mmoja wa upande wetu wa mpaka. Wao walivuka. Bwana harusi alituma ujumbe wa sauti: "Tumevuka. Afisa ameangalia vyeti akauliza fungate ilikuwaje. Tumeshindwa kujibu, tukacheka tu."

Mimi nilirudi kwenye karoti zangu, nikidhani ndiyo basi. Lakini bibi harusi ni mtu wa kusimulia. Masika yalipokwisha simu ilianza kuita tena: karani mwenzake na mumewe, halafu walimu wa Voi, halafu watu ambao sikujua walitusikia wapi. Kila mmoja aliuliza kuhusu vipimo, nami kila mara nilipanda kwenye mkaratusi kuuliza kwanza, maana kanuni zilikuwa bado zinahama. Nilijifunza kutoahidi nisichokijua. Nilijifunza pia kuwaambia mapema kwamba wakikutwa na ugonjwa wakiwa kwetu, hawatakuwa peke yao.

Kundi la kwanza kubwa nililipeleka kwa miguu mpaka Mlalo. Tulilala Rangwi njiani, na asubuhi kulikuwa na umande mwingi, nyumba za bondeni zinatoa moshi. Mama mmoja mnene aliyekuwa akihema nyuma alinishika mkono niteremke naye. Niliushangaa ule mkono, wa kwanza wa mgeni tangu tuanze kusalimiana kwa viwiko, jinsi ulivyokuwa wa moto na wa kawaida. Nikaushika vizuri, tukashuka.